Kula Diwali na Ukoo Mzima Kwenye Nyumba ya Kukodi: Tunavyofanya Mandvi

Nyumba ya babu yangu ilikuwa ndani ya mji wa kale wa Mandvi, kusini mwa Kutch, katika jimbo la Gujarat, India. Babu aliondoka pale akiwa kijana, akapanda jahazi wakati wa kaskazi mpaka Mombasa, akafungua duka, na sisi sote tukazaliwa Mombasa. Tetemeko la Januari 26, 2001 liliipasua nyumba ile kuanzia msingi mpaka dari. Tuliitazama miaka michache bila kujua tufanye nini, mwishowe tukaibomoa. Tangu hapo, tukitaka kula Diwali Mandvi, inabidi tukodi.

Safari hiyo nimeipanga mimi mwenyewe mara sita sasa. Huwa tunafika watu ishirini hivi, kutoka Mombasa, Leicester, Toronto na Ahmedabad, na mkubwa wetu ni mama yangu, tunayemwita Ba, mwenye miaka 84. Hoteli sizitaki. Hoteli haina jiko lako wala kizingiti chako, na Diwali yetu sisi Wagujarati, karibu yote, hufanyika jikoni na kizingitini.

Kwanza hesabu siku

Watu wengi hudhani Diwali ni usiku mmoja wa taa. Kwetu ni siku tano: Dhanteras, Kali Chaudas, Diwali yenyewe katika usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, kisha Bestu Varas ambao ndio mwaka mpya wetu, halafu Bhai Bij, siku ya kaka na dada. Hapo ndipo nilipoteleza. Kalenda hii inafuata mwezi, na miaka mingine kunatokea siku ya katikati ambayo si Diwali wala si mwaka mpya. Tunaiita *padtar divas*, na wengine huiita *dhoko*. Mwaka 2024 Diwali ilikuwa Oktoba 31 na mwaka mpya ukawa Novemba 2. Mimi nilikodi siku tano kwa mazoea. Matokeo yake, asubuhi ya Bhai Bij, siku ambayo dada anampikia kaka yake na kumtia alama nyekundu kwenye paji la uso, tulitakiwa kutoka saa 4. Kaka zangu walikula wamesimama, masanduku yakiwa mlangoni. Ba hakusema neno, lakini hakula.

Kwa hiyo tafuta panchang, yaani kalenda ya Kihindu, na iwe ya Kigujarati, maana majimbo mengine ya India hayahesabu mwaka mpya siku ile. Hesabu kwa kidole toka Dhanteras mpaka Bhai Bij, kisha ongeza siku moja ya kupumua. Mwaka 2026 Diwali inaangukia Novemba 8.

Nyumba mimi huishika mwezi wa Juni. Diwali ni likizo kubwa Gujarat nzima, na Mandvi ina bahari, basi watu wa Ahmedabad na Rajkot wanaitaka nyumba ileile unayoitaka wewe. Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na kwa wiki ya Diwali ukichelewa hata asubuhi moja utajikuta kwenye orodha ya kusubiri. Sisi hushuka Mumbai kwa ndege, tukapanda Kutch Express pale Bandra Terminus jioni, tukaamkia Bhuj. Kutoka Bhuj mpaka Mandvi ni kama kilomita 60 kwa gari. Njiani tunakula *thepla*, chapati nyembamba za majani ya uwatu, ambazo hukaa siku tatu bila kuharibika.

Gharama tunagawana kwa vichwa vya watu wazima. Watoto hawahesabiwi, na Ba hahesabiwi. Amueni hilo kabla ya kulipa hata senti, na mmoja tu ndiye ashike pesa.

Nyumba ya namna gani

Usikodi nyumba ya ufukweni wiki ile. Najua picha zinavutia. Lakini ufuo wa Mandvi wakati wa Diwali ni ngamia, farasi, magari na miziki mpaka usiku wa manane. Tafuta nyumba ya shambani, wenyewe wanaita *vadi*, kilomita chache kutoka mjini. Msimu huo karanga zinang'olewa, pamba imepasuka nyeupe, na usiku husikii ila pampu ya maji ya jirani na mbwa wa mbali. Baharini tunakwenda alfajiri, saa 12 tumekwisha kanyaga mchanga, saa 3 tumerudi. Njiani tunapita kando ya mto Rukmavati, ambako bado wanaunda majahazi makubwa ya mbao kwa mkono. Ba huomba gari lisimame hapo kila safari.

Ukimpigia mwenye nyumba, usianze na idadi ya vyumba. Watu watalala chini kwenye *gadla*, magodoro membamba ya pamba, na watoto wanapenda hivyo. Anza na jiko. Mitungi ya gesi iko mingapi? Mtungi wa nyumbani kule ni wa kilo 14.2, na kwa kukaanga vitafunio vya watu ishirini mmoja unaweza kuwaishia katikati ya kazi. Dai miwili. Sakafu ya jikoni ina nafasi ya wanawake sita kukaa kwenye mkeka? Kuna umeme wa akiba? Choo cha kukalia kipo chini, bila ngazi, kwa ajili ya mzee? Tangi la maji linajazwa saa ngapi na nani?

Uliza pia masharti ya chakula. Pombe ni marufuku Gujarat tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960, na wenye nyumba wengi hawataki nyama wala mayai yaguse sufuria zao. Mwenye nyumba akiwa wa dini ya Kijaini, huenda akakataa hata kitunguu, saumu na viazi. Waambie ndugu wa Toronto mapema, wasije wakakasirika wamekwisha fika. Na wote wenye pasipoti za nje wapeleke nakala za pasipoti na viza kabla ya safari, kwa sababu mwenye nyumba anatakiwa kuwaandikisha kwa serikali, ndani ya saa 24, kwenye fomu inayoitwa Form C.

Halafu kizingiti. Omba ruhusa kwa maandishi ya mambo matatu: taa za mafuta barazani, rangoli (michoro ya poda za rangi) mlangoni, na *toran*, ile shada ya majani ya mwembe na maua ya rangi ya chungwa inayotundikwa juu ya mlango. Mwambie utatumia uzi, hutapigilia msumari. Mwaka mmoja tulipata nyumba nzuri yenye marumaru nyeupe mbele. Tukapanga taa moja kwa moja juu ya jiwe, mafuta yakanywea, na asubuhi palikuwa na alama thelathini za duara zisizotoka kwa sabuni wala ndimu. Amana yetu yote ikabaki kwa mwenye nyumba, na alikuwa na haki. Sasa kila taa huwekwa juu ya kipande cha jani la mgomba au kigae.

Ikiwa unapanga Holi, sikukuu ya kurushiana rangi, mwezi wa Machi, uliza uwanja na bomba la nje, kwa sababu rangi ikishika ukuta imeshika. Uttarayan, Januari 14, inataka dari tambarare yenye ukuta wa kuzuia watoto, maana siku nzima mnarusha tiara mkiwa juu. Navratri, ile sikukuu ya usiku tisa wa kucheza garba, ningekushauri usiitoe mjini kabisa. Garba ya watu ishirini uani inapoa haraka, ngoma ile inataka umati.

Mlinzi wa nyumba naye ana Diwali

Hili nililijua kwa aibu. Safari yetu ya pili, usiku wa Diwali, tulisali, tukala, tukawasha fataki, tukacheka mpaka saa 4. Nikatoka kutupa maji nikamkuta mtunza nyumba amekaa kwenye ngazi ya nyuma, kavaa shati jipya, mikono magotini. Alikuwa akisubiri tumalize afunge geti, ndipo apande pikipiki kwenda kijijini kwao, ambako mkewe na watoto walikuwa wamewasha taa wakamngoja. Hakuna aliyemwambia akae, na hakuna aliyemwambia aende.

Tangu hapo, siku ya kwanza kabisa namwita, namwita *bhai* kama ninavyomwita kaka yangu, na tunapatana: tokea adhuhuri ya Diwali mpaka jioni ya mwaka mpya yuko huru. Zawadi yake ya pesa, ambayo kule wanaiita *boni*, na boksi la peremende za maziwa, nampa Dhanteras, ili mkewe azitumie sokoni. Ukimpa siku ya kuondoka, sikukuu yake imekwisha pita. Yeye kwa upande wake ananionyesha swichi ya pampu, koki ya tangi, na fyuzi. Mtu mmoja katika ukoo ayajue hayo matatu kwa vitendo, awashe na kuzima mbele yake. Mpishi hatukodi.

Sokoni kabla halijalala

Mchana wa Diwali bado utapata duka. Baada ya hapo biashara nyingi hufungwa mpaka Labh Pancham, siku ya tano ya mwaka mpya, wenye maduka wanapofungua upya kwa dua. Nunua mboga, unga, samli, mafuta na dawa za Ba kufikia Kali Chaudas. Maziwa ndiyo yanayosahaulika: patana na mfugaji wa jirani, lita sita asubuhi, na umlipe kabisa.

Vitafunio vingine usijitese kuvitengeneza. *Mathiya*, zile puri nyembamba kama karatasi, na *cholafali*, tunanunua zilizokwisha sukumwa, za kutoka Uttarsanda karibu na Nadiad, kijiji kinachojulikana Gujarat nzima kwa kazi hiyo. Unazikaanga papo hapo, kila moja kwa sekunde chache, mafuta yakiwa moto hasa. Chevda na sev nazo tunanunua Bhuj. Watoto wapeleke Mandvi mjini wakale *dabeli*, mkate wa viazi vya viungo na karanga na komamanga, maana asili yake ni pale.

Usishangae ukisikia Kiswahili. Vijiji kama Baladia na Madhapar vina familia nyingi zenye ndugu Kenya. Nilipokuwa nikiuliza bei ya fagio nikasahau nikasema "fagio" kwa Kiswahili, kama tunavyosema nyumbani, bibi mmoja aliyekaa pembeni akanijibu: "Mombasa au Nairobi?"

Ghughra

Lakini ghughra lazima zikunjwe kwa mikono, na wote. Ndiyo sababu niliuliza sakafu ya jikoni. Ghughra ni kama sambusa ya nusu mwezi, tamu ndani. Kwa themanini hivi: kanda kilo moja ya unga mweupe wa ngano na gramu 200 za samli iliyoyeyushwa, kisha tia maziwa kidogo kidogo mpaka donge liwe gumu kuliko la chapati. Lifunike kwa kitambaa kibichi, na kisitoke juu yake mpaka umalize. Ndani: kaanga nusu kilo ya suji, ile ngano iliyosagwa chengachenga, kwa samli na moto mdogo mpaka inukie na igeuke rangi ya mchanga wa pwani. Ongeza nazi kavu iliyokunwa, korosho na lozi zilizokatwakatwa, zabibu, hiliki. Acha ipoe kabisa. Kabisa. Ukitia sukari ya unga suji ikiwa bado na joto, sukari inayeyuka, na ghughra zako zitapasuka kwenye mafuta.

Sukuma kiduara cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, tia kijiko cha mchanganyiko, kunja, bana. Sasa ukingo, sisi tunauita *kangri*. Kidole gumba kinakunja ncha kwa juu, cha shahada kinaibana, unasogea kidogo, unakunja tena, mpaka ufike mwisho wa nusu mwezi. Ba hupata mikunjo ishirini na ushei kwenye ghughra moja, bila kutazama, huku anasimulia habari za mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Mikunjo ile si urembo tu. Ghughra moja ikifunguka, suji inamwagika, inaungua, inachafua mafuta yote, na hamsini zinazofuata zitatoka na madoa meusi. Kwa hiyo wanaojifunza, pamoja na wanaume, ghughra zao tunazikaanga mwisho. Moto uwe mdogo, subira iwe kubwa. Zinatakiwa zitoke za rangi ya krimu.

Jioni ya Kali Chaudas

Siku hii tunakaanga *vada* za dengu, na jua likishazama mwanamke wa nyumba hutoa ugomvi nje. Anachukua vada chache na kikombe cha maji, anakwenda mpaka njia panda, anaziweka chini, anazizungushia maji, anarudi bila kugeuka nyuma. Tunasema *kakalat* imetoka: zile kelele na visirani vya mwaka mzima. Tafuta njia panda yako mchana, kabla ya giza, maana shambani zote zinafanana. Mwaka tulipokuwa na wifi yangu tusiosemezana kwa ajili ya mambo ya urithi, Ba alituamuru twende pamoja. Tulitembea mita mia tatu kwenye vumbi kimya. Mimi nilibeba vada, yeye maji. Kurudi ndiye aliyeanza kusema, kwamba kiatu kinamuumiza.

Taa, rangi, na fataki

Vitaa vya udongo vilowekwe ndani ya ndoo ya maji saa kadhaa, kisha vikaushwe kivulini. Udongo mkavu hunywa mafuta yako kabla utambi haujashika. Taa 51 zinakula lita moja hivi. Upepo wa bahari wa Mandvi unafika mpaka mashambani, kwa hiyo simama barazani jioni ya siku ya kwanza ukiwa na kiberiti uone upepo unatoka wapi, na upange taa nyuma ya ukuta upande wa pili. Taa mbili za kizingiti, kulia na kushoto, zitiwe ndani ya kandili ya kioo. Hizo hazitakiwi kuzimika.

Rangoli wape vijana waliokua Uingereza na Canada. Mkono ukitetemeka, chora kwanza kwa chaki, kisha dondosha poda kati ya kidole gumba na cha shahada, rangi nyeupe kwanza. Acha njia ya mtu kupita, maana Lakshmi, mungu wetu wa kike wa neema na mali, naye anaingia kwa mlango huohuo.

Kuhusu fataki, Mahakama ya Juu ya India iliamua Oktoba 2018 kwamba usiku wa Diwali zilipuliwe kati ya saa 2 na saa 4 usiku tu, na ziwe za aina isiyochafua sana hewa. Wewe zaidi ya hapo una pamba kavu na marundo ya majani ya karanga pembeni, na ng'ombe wa jirani. Sisi tunaruhusu *fulzar* za kushika mkononi na *kothi* za kuwasha chini, juu ya mchanga, ndoo mbili za maji kando. Roketi haziingii getini, hata kama kaka amezinunua kwa pesa yake.

Kabla ya fataki tunafanya Chopda Pujan. Babu alikuwa mwenye duka, na daftari lake jipya la hesabu lilibarikiwa usiku huu. Beba daftari lenye jalada jekundu kutoka kwako, usitegemee kulipata dakika ya mwisho. Mdogo anayejua kuandika Kigujarati anaandika "Shri" moja juu, mbili chini yake, tatu, mpaka iwe piramidi. Kompyuta za wajukuu zinawekwa kando yake na zinatiwa alama nyekundu vilevile. Picha ya Lakshmi, sarafu, na kengele ya Ba tumebeba wenyewe kutoka Mombasa, kwenye mkoba wa mkononi.

Alfajiri ya mwaka mpya

Mjini, kabla ya jua, watoto hupita mlango kwa mlango wakiuza chumvi, wakiita "*Sabras! Sabras!*" na kila nyumba hununua kidogo, iwe kitu cha kwanza kuingia ndani. Shambani hakuna mtoto atakayepita. Kwa hiyo usiku wape watoto wenu vibakuli vya chumvi ya mawe, waamshe saa 11, wazunguke vyumba vyote wakiita. Kila mtu mzima awe na sarafu chini ya mto.

Halafu kuoga, nguo mpya, na kuamkia. Kila mtu anainama na kugusa miguu ya mkubwa wake, shikamoo ya vitendo, akisema "*Saal Mubarak*," na mkubwa anaweka mkono kichwani kwake na noti mkononi mwake. Mkalishe mzee kwenye kiti kigumu chenye mgongo, karibu na mlango, na mtu mmoja amshikie bahasha. Watu kumi na tisa wakiinama mmoja mmoja ni kama nusu saa, na Ba hataki kuharakishwa. Chai iwe imekwisha chemka kabla ya hapo.

Mtunza nyumba hurudi jioni, mara nyingi na mkewe, na sahani ya vitafunio vya kwao. Msiirudishe tupu. Chumvi mliyonunua kwa watoto ifungeni kwenye karatasi, mwandike juu yake mwaka wa Vikram Samvat, hesabu yetu ya miaka. Ile ya Oktoba 2025 niliiandika 2082, na ipo kabatini Mombasa, nusu imekwisha tumika.